Kamera Isiyo na Betri

Jumapili, mwezi wa nane. Nkuhungu. Saa tisa alasiri.

Upepo umeamka kabla yangu leo na mpaka sasa haujakaa chini. Nimefuta meza mara tatu, vumbi linarudi kana kwamba limeitwa. Shingo inauma upande wa kushoto, pale pale pa siku zote, na safari hii siwezi kumlaumu mtu.

Nina hasira. Naandika ili nisipige simu ambayo najua lazima niipige.

Ujumbe wa Anjela uliingia saa saba, walipotoka kanisani. "Dada Hadija, picha vipi? Mama anaulizia. Msumari tumeshapiga ukutani." Nimeusoma. Alama za buluu zimeshamwambia kwamba nimeusoma. Sijajibu, na kila simu ikitoa mlio nashtuka kama mwizi.

Ngoja nianze mwanzo, labda nikiliandika lote nitaona kama ni kubwa kama ninavyolihisi.

Wanaopita kwenye blogu hii mara kwa mara wanaijua habari ya shingo yangu. Kwa wageni: mimi ni mpiga picha, nimebeba begi la kazi miaka mingi. Kamera mbili kubwa, lenzi tatu, flashi, betri, na ile stendi ya miguu mitatu inayogonga goti kila ukipanda ngazi. Mwaka jana mkono wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Nilikuwa nadondosha vikombe jikoni. Daktari wa mazoezi alinibonyeza bega akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia alicheka, akasema alidhani nabeba magunia sokoni. Kisha akaacha kucheka, akaniambia nichague: begi au mkono.

Nikachagua mkono.

Ndipo nilipohamia kwenye kamera ndogo. Ukubwa wake ni wa kipande cha sabuni ya kuogea, inaingia mfukoni mwa dera na watu hawajui kama unayo. Lenzi yake haitoki, kwa hiyo vumbi letu halina mlango wa kuingilia, na aliyewahi kubadilisha lenzi nje mwezi wa nane hapa Dodoma anajua hiyo ni neema kiasi gani. Picha zake ni nzuri. Nasema hivyo bila ushabiki. Nimechapisha zingine kwa ukubwa wa meza ya kahawa, wateja wakasifia, wala hakuna aliyeuliza zimetoka kwenye nini.

Nikadhani matatizo yameisha. Kumbe yalikuwa yanavaa viatu.

Mwezi uliopita nilikuwa na sherehe ya kumuaga binti, kule Nzuguni. Ukafika wakati wa keki. MC akapaza sauti kwenye maiki: "Jamani mpiga picha wetu yuko wapi, keki inakatwa!" Nilikuwa mbele yake. Hatua mbili tu. Nikainua mkono. Akanitazama, akakitazama nilichoshika, akasema kwa heshima zote: "Mgeni mwalikwa, tunaomba ukae, za simu mtapiga baadaye." Ukumbi mzima ukacheka. Mama mmoja wa kamati, mpole kabisa, akanishika mkono akanipeleka mezani akaniletea sahani ya pilau.

Nikala. Ningefanya nini? Nimekaa pale natafuna pilau la watu huku keki ambayo nimeajiriwa kuipiga picha inakatwa. Picha ya keki ninayo, nimeipiga nimekaa, na nusu yake ni mgongo wa MC.

Nilirudi nyumbani nikalia. Sioni aibu kuandika hilo. Kinachonitia aibu ni nilichokiamua baada ya kulia.

Niliamua kwamba kazi inayofuata nitakwenda na kamera kubwa. Si ya kupigia. Ya kuvaa.

Betri yake ilishavimba siku nyingi, haiingii tena mahali pake. Haijalishi. Nilifungia lenzi ile ndefu kuliko zote, nikaufuta mkanda vumbi. Mpango wangu ulikuwa huu: kubwa itaning'inia kifuani ipokee heshima, ndogo itakuwa mkononi ifanye kazi. Niliona nimekuwa mjanja sana.

Kazi yenyewe ilikuwa jana, Chamwino, nyumbani kwa mama yake Anjela.

Anjela tuliwahi kupanga nyumba moja hapa Nkuhungu kabla hajahamishiwa ofisi za huko. Ndiye kitindamimba kati ya watoto watano. Mama yao, ambaye majirani wanamwita Mama Yona kwa jina la mwanawe wa kwanza, ameishi maisha yake yote kwenye tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa la udongo. Watoto wamechangishana miaka mitatu, wamemjengea nyumba ya bati ubavuni mwa ile ya zamani. Jana mchungaji alikuwa anakuja kuibariki, na watoto wote watano walikuwa wanakuja. Tangu wamzike baba yao hawajawahi kukutana wote mahali pamoja. Mmoja akija, mwingine yuko masomoni. Wawili wakija, watatu wana udhuru.

Picha moja tu wanayo ya wote pamoja na mama yao, nayo ilipigwa siku ya mazishi. Anjela aliwahi kunionyesha. Wamesimama kando ya kaburi, wote sita, macho chini. Mama Yona aliitundika kwenye tembe miaka yote hiyo kwa sababu hana nyingine.

Aliponipigia kunipa kazi, Anjela hakunitajia mambo ya mapambo wala albamu. Alisema, "Dada, nataka Mama awe na picha yetu ambayo tumeinua vichwa." Akaniambia pia kwamba macho ya mama yake yameingia ukungu. Vitu vikubwa anaviona, vidogo vinampotea. Anataka picha kubwa ya ukutani, aione wakati bado anaona.

Nikamwahidi. Nakumbuka nilimwambia asiwe na wasiwasi kabisa.

Basi jana nikafika na lidude langu kifuani, na niseme ukweli, nilipokelewa kama waziri. Vijana walisimama kunipisha. Kiti kilifutwa. Kaka Yona mwenyewe, mwalimu mstaafu anayeishi Tabora, mrefu, suti ya kijivu, sauti ya mtu aliyepanga mistari ya wanafunzi maisha yake yote, alinitangulia akisema, "Mpiga picha apite! Mpiga picha apite!" Mchungaji alikuwa ameshika kitasa cha mlango kuanza sala, akasubiri mpaka nikae sawa. Nilipomsalimia Mama Yona shikamoo aliupapasa ule mkanda wa kamera, akapapasa lenzi, akasema kwa Kigogo kitu ambacho kiliwachekesha wanawe. Anjela akanitafsiria: anasema hili jicho ni la ng'ombe dume.

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Shingo ilikuwa inawaka moto, lakini baada ya pilau la Nzuguni nilijiona nimerudi kuwa mtu.

Sala ikaisha. Mama akaingizwa ndani ameshikwa mikono huku na huku, wanawake wakapiga vigelegele, na yote hayo niliyapiga kwa ile ndogo, vizuri tu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiangalia. Ubwabwa ukaliwa, mlenda ukaliwa, nyama ikaliwa. Ikafika saa nane, saa ya picha ya familia.

Kaka Yona akawapanga. Mama katikati kwenye kiti, kitenge kipya, leso kichwani. Watoto kwa kufuata kuzaliwa. Nilimwomba wasogee kwenye kivuli cha tembe, akakataa, anataka nyumba mpya ionekane yote mpaka bati. Kwa hiyo wakasimama juani, na mimi nikasimama juani.

Sasa hapa ndipo pana kitu ambacho wauzaji wa kamera hizi ndogo hawakuambii. Haina tundu la kuchungulia. Unatazama kioo cha nyuma, na kwenye jua la saa nane la Chamwino kioo kile ni cheusi tii. Unaona uso wako mwenyewe na anga. Unapiga kwa mazoea, kama mtu anayetia chumvi bila kuonja.

Nikainua ile ndogo usawa wa uso wangu.

Minong'ono ikaanza. Nikasikia mmoja wao anauliza, "Mbona anatumia hicho kidogo?" Kabla sijafungua mdomo, Kaka Yona akawajibu wote kwa ile sauti ya darasani: "Hiyo ndogo ni rimoti. Kamera ni hiyo iliyo kifuani. Anjela, acha kuangalia rimoti, angalia kamera." Kisha akanigeukia mimi, kwa tabasamu la mtu anayetaka kuthibitishiwa: "Si ndivyo, mdogo wangu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nimeliandika hilo na kulifuta mara mbili, sasa naliacha. Niliitikia kwa kichwa. Ilinichukua muda wa kupepesa jicho. Ningeweza kusema, "Hapana kaka, kamera ni hii." Maneno manne, matano. Lakini ningesema hivyo, ingebidi nieleze ile ya kifuani inafanya nini, na suti yote ya kijivu na mchungaji na vigelegele wangejua kwamba nimevaa kamera kama mtu anavyovaa saa isiyotembea. Nikaona bora niitikie. Nikajiambia kutoka kifuani mpaka usoni si mbali, haitaonekana.

Mama Yona akauliza, "Niangalie wapi?"

Kaka Yona akamwinamia akamwambia, "Kwenye hicho cheusi kikubwa, Mama. Unakiona?"

Akakiona. Akatabasamu. Nikapiga picha tisa. Hakuna aliyefumba jicho, hakuna aliyepiga chafya, upepo ulitulia kwa dakika ile kana kwamba nao ulipangwa mstari. Nikasema asanteni sana. Wakanipigia makofi.

Leo asubuhi nimezifungua kwenye kompyuta.

Wote sita wanatazama chini.

Si chini sana. Ningekuwa mtu wa kujidanganya ningesema ni jua. Lakini nilikuwa nimesimama karibu, na wao ni watu warefu, na ile kamera ilikuwa imening'inia karibu na tumbo langu kwa uzito wa lenzi. Kope zimeshuka. Macho hayaonekani, zinaonekana kope tu. Tabasamu lipo kwenye midomo, juu yake hakuna kitu. Kaka Yona anaonekana kama anasoma jina kwenye msalaba. Anjela ameinamisha na shingo kabisa, maana alikuwa anatii. Mama Yona, ambaye ilibidi akitafute kile cheusi kwa bidii, ndiye aliyeinama kuliko wote.

Ni ile ile ya kaburini. Wamebadilisha nguo tu.

Picha tisa, zote hivyo hivyo. Nimezipitia moja moja nikitafuta hata jicho moja lililoasi. Hakuna. Familia ile ina nidhamu ya kutisha.

Nikajaribu kuzitengeneza. Nilichukua macho ya Mama kutoka picha ya alipokuwa anaingizwa ndani, nikayabandika. Akageuka mwanasesere, anakukodolea macho huku shingo imeinama. Nikafuta haraka, nikajisikia kama nimemkosea adabu akiwa usingizini.

Nikafikiria pia kunyamaza. Ndiyo, nilifikiria. Ningechagua ile yenye tabasamu zaidi, nikaichapisha, nikaiwekea fremu nzuri ya mbao, nikaipeleka. Nani angenilaumu? Wangesema jua lilikuwa kali. Mama haoni vizuri. Ingetundikwa kwenye ule msumari, na miaka ingepita, na mtu angeingia pale sebuleni akauliza, hii ilikuwa msiba wa nani?

Hapo ndipo hasira iliponipanda kweli. Nilimkasirikia Kaka Yona na rimoti yake. Amefundisha watoto wa watu miaka yote ile akiwa na uhakika wa namna hiyo? Nikamkasirikia MC wa Nzuguni na maiki yake. Nikalikasirikia jua, kioo cheusi, betri iliyovimba, na watu wote wa nchi hii wanaopima kazi ya mtu kwa ukubwa wa chuma alichobeba. Nikazunguka chumba nikibishana na watu ambao hawapo. Majirani watakuwa wamesikia.

Kisha nikakaa.

Maana miezi yote hii nimejaza blogu hii malalamiko kwamba watu wanaidharau kamera ndogo. Nendeni mkasome, yako humu, mengine marefu. Na jana, ilipoulizwa mbele ya watu kama ni kamera au si kamera, aliyeikana ni mimi. Kaka Yona alikisia tu. Mimi nilikuwa najua.

Nimechoka na shingo yangu, na nimechoka na haya zangu, na sijui kipi kizito zaidi.

Saa kumi na nusu. Nimepiga.

Nilimwambia Anjela yote, mpaka ya betri. Sikuongeza udhuru, ingawa nilikuwa nimeandaa miwili. Nikasikia kuku na upepo upande wa pili.

"Kwa hiyo tuliangalia kitu kilichokufa," akasema.

"Ndiyo."

"Na kaka alivyokuuliza, ukaitikia."

"Niliitikia. Nisamehe, Anjela."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu kwamba mmoja wao tayari amefunga mizigo, na kesho basi la Tabora linapita Dodoma mjini saa tano, Kaka Yona lazima alipande, na kwamba hajui atawaambia nini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia. Nikamwambia nitakuja kesho alfajiri, kabla ya yeyote kuondoka, kama watanikubali. Nikasema kama hawatanikubali nitaelewa pia.

Nikasikia Mama Yona anauliza kitu kwa Kigogo. Anjela akamweleza. Akaeleza kwa kirefu, na katikati ya maelezo nikatambua maneno mawili tu, rimoti na betri. Kwa nyuma Kaka Yona akasema kwa sauti, "Haiwezekani!" Kisha nikasikia simu inabadilishwa mikono.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa jicho la dume?"

"Ndiye mimi, mama."

"Halioni, wanasema."

"Halioni, mama. Linaloona ni lile dogo."

Akavuta pumzi. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba kama mtoto aliyeitwa ofisini, macho chini. Nilijikuta natazama vidole vyangu vya miguu.

"Mimi macho yangu mawili yamechoka," akasema, Kiswahili chake kikienda taratibu, neno baada ya neno. "Na wewe unaniletea mengine mawili, moja la uongo. Njoo kesho. Uje na moja tu, nijue pa kuangalia."

Akamrudishia Anjela simu. Anjela akasema saa kumi na mbili na nusu, jua halijawa kali, kwenye kivuli cha tembe, na kaka ameshaambiwa bati litaonekana hivyo hivyo. Akakata bila kuaga.

Sasa nimeitoa ile kubwa kwenye begi. Nimeifungua lenzi, nimeukunja mkanda, nimeiweka kabatini nyuma ya mablanketi. Ndogo iko kwenye chaji, taa yake ya kijani inapepesa pale mezani, na vumbi limeshaanza kuikalia. Nimeifuta.

Bado nina hasira, ila sasa najua ni ya nani. Kesho nitasimama mbele ya watu sita nikiwa na kitu cha ukubwa wa sabuni, na Kaka Yona atanitazama kwa jicho la mwalimu aliyedanganywa, na nitalazimika kukiinua, nimsogelee Mama mpaka akione, niseme kwa sauti ya kusikika: kamera ni hii, angalieni hapa.